Lalibela: nani alichonga makanisa yale, na kifusi kilikwenda wapi?

Swali: "Ninafundisha historia kidato cha pili, na Jumapili ninaongoza kwaya ya parokia yetu mkoani Kilimanjaro. Wanafunzi wangu wameonyeshana video za kanisa la Mtakatifu George kule Lalibela, Ethiopia, lile lenye umbo la msalaba lililo ndani ya shimo. Video ya kwanza ilisema lilijengwa na malaika kwa usiku mmoja. Ya pili ilisema ni kazi ya askari wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya, kwa sababu Waafrika wa wakati ule hawakuwa na ujuzi huo. Ya tatu ilidai kwamba hakuna kifusi kilichowahi kuonekana, kwa hiyo mwamba uliyeyushwa kwa utaalamu uliopotea. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, 'Mwalimu, kifusi kilikwenda wapi?' Nikakosa jibu. Isitoshe, wazee wa kwaya wanataka tutumie akiba yetu kwenda kuhiji huko katika Krismasi yao ya Januari, maana wamesikia kwamba mfalme Lalibela alijenga Yerusalemu mpya baada ya Waislamu kuwafungia Wakristo njia. Niwaambie nini wanafunzi, na niwaambie nini wazee? Nina miaka 58 na sitaki kumvunjia mtu imani."

Jibu:

Shikamoo mwalimu. Barua yako ina maswali kadhaa, lakini nikiisoma taratibu naona wasiwasi ni mmoja: unaogopa kwamba ukisema ni wanadamu waliochonga, utakuwa umewanyang'anya wazee malaika wao, na ukisema ni malaika, utakuwa umewadanganya watoto. Hofu hiyo ina dawa, na dawa yenyewe imo ndani ya hadithi ya malaika, kama utakavyoona. Niruhusu lakini nianze na yule mwanafunzi wa kifusi, kwa sababu ameuliza swali ambalo hata wataalamu walichelewa kulipa uzito wake.

Kifusi kipo. Kandokando ya makanisa hayo kuna vilima ambavyo mgeni huvipita akidhani ni sehemu ya mlima, kumbe ni mabaki ya mwamba uliochongwa, yaliyomwagwa hapo na kuota nyasi na miti kwa karne nyingi. Timu ya wanaakiolojia iliyoongozwa na Wafaransa ilivichunguza vilima hivyo na kuchapisha makala mwaka 2010, ikieleza jinsi tabaka za kifusi, pamoja na mitaro na milango iliyokatwa kwa vipindi tofauti, zinavyoweza kupangwa kwa mfuatano wa nani alitangulia na nani alifuata. Kwa hiyo yule aliyesema kwenye video kwamba hakuna kifusi alikuwa amekikanyaga, kama kweli alifika.

Sasa mfanyie mwanafunzi wako hesabu ubaoni. Kanisa la Mtakatifu George, ambalo wenyeji huliita Bete Giyorgis, limesimama katika shimo lenye kina cha takriban mita 12. Tuchukulie, kwa ajili ya darasa tu, kwamba shimo hilo lina mita 25 kila upande. Ujazo wake utakuwa mita za ujazo 7,500. Kanisa lenyewe ni msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, upana wake ni kama mita 12, na ujazo wake hauko mbali na mita za ujazo 1,000. Kilichoondolewa pembeni, basi, ni mita za ujazo 6,500 hivi, yaani safari 650 za tipa linalobeba mita za ujazo 10. Kifusi hicho ni kingi, lakini hakihitaji muujiza: barabara ya changarawe ya kilomita 10, yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15, hula zaidi ya hapo. Tukikadiria kwamba fundi mmoja aliondoa robo ya mita ya ujazo kwa siku, basi mafundi 100 wangechimba shimo lile kwa siku 260. Kuchonga kuta, madirisha na ndani ya kanisa ni kazi nyingine, ya polepole zaidi, lakini hata hiyo huhesabika kwa miaka ya binadamu.

Mwamba wenyewe ulisaidia. Lalibela iko katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mwamba wake ni wa volkano, wenye rangi ya wekundu, unaokubali chuma kuliko granite. Wewe unaishi kwenye mlima wa volkano, kwa hiyo mfano unao nyumbani: wazee wa Kichagga walichimba mapango marefu chini ya ardhi ya kujifichia nyakati za mapigano, tena kwa zana za mkono, na hakuna anayesema kwamba mapango yale yaliyeyushwa. Watu wa pwani nao walijua namna ya kuvizia udhaifu wa jiwe. Mafundi wa Kilwa walitoa tumbawe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga nakshi za mihrabu na vizingiti kabla halijakauka na kuwa gumu.

Jambo linalowashangaza watu, na kwa haki, ni mpangilio wa kazi. Mwashi wa kawaida huanza na msingi na kumalizia na paa, lakini fundi wa Lalibela alianza na paa na kumalizia na msingi. Kwanza walichimba mtaro mpana kuzunguka eneo lililochaguliwa, hadi likabaki bonge moja la mwamba lililoshikamana na ardhi kwa chini tu. Kisha walilichonga bonge hilo kutoka juu kwenda chini: paa, ukingo wa paa, madirisha ya juu, madirisha ya chini, mlango, jukwaa. Walipofikia kimo cha dirisha au mlango waliingia ndani na kuanza kutoboa, na humo pia dari ilitangulia na sakafu ikaja mwisho. Nguzo hazikusimamishwa na mtu, bali ni mwamba ulioachwa wakati kila kitu kando yake kikiondolewa.

Maana yake ni kwamba kosa halikuwa na kiraka. Anayejenga kwa matofali akikosea tofali moja, hulitoa na kuweka jingine, ila hapa pigo moja la tindo lililozidi nguvu lingeweza kung'oa kona ambayo hairudi. Hivyo aliyesimama juu ya mwamba mtupu siku ya kwanza alikuwa na kanisa zima kichwani, pamoja na njia za maji. Na maji ndiyo adui mkubwa wa jengo lililo shimoni: mapaa yalipewa mwinamo na mifereji, na sakafu za mitaro zikatelemshwa ili mvua isigeuze shimo kuwa bwawa. Nilipofika huko nilipitisha vidole kwenye ukuta wa mtaro wa Bete Giyorgis, na alama za zana ziko vilevile, mikwaruzo mifupi iliyopangana kwa mshazari, mingine ya mtu aliyepiga kwa mkono wa kulia na mingine, nadhani, ya aliyetumia kushoto. Jiwe lililoyeyushwa halibaki na mikwaruzo ya namna hiyo.

Tuje kwa hao askari kutoka Ulaya. Madai hayo mara nyingi huwataja Mashujaa wa Hekalu, yaani wale watawa waliobeba silaha, ambao chama chao kilianzishwa Yerusalemu mnamo 1119 na kuvunjwa mwaka 1312. Ushahidi unaotolewa ni umbo la misalaba iliyochongwa kwenye kuta, eti inafanana na yao. Lakini msalaba ulikuwa kwenye sarafu za mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Ethiopia, katika karne ya 4, miaka 800 kabla ya chama hicho kuzaliwa. Hakuna hati, kaburi wala maandishi ya Kilatini yanayowaweka Lalibela.

Mzungu wa kwanza kutuachia maelezo marefu ya makanisa haya ni padri Mreno, Francisco Álvares, aliyefika Ethiopia mwaka 1520 pamoja na ujumbe wa mfalme wa Ureno, miaka 15 tu baada ya Wareno hao hao kuishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kitabu chake kilichapwa Lisbon mwaka 1540. Baada ya kueleza kanisa moja baada ya jingine alisema amechoka kuandika, kwa kuwa aliona kwamba hatasadikiwa, akaapa kwa Mungu kuwa yote aliyoandika ni kweli. Kwa haki ni lazima nikueleze pia kwamba Álvares alisimulia alivyoambiwa kuwa kazi ilimalizika kwa miaka 24, na kwamba waliochonga walikuwa watu weupe. Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema "umeona?" Mimi nasema tulia kwanza. Hayo ni maneno ya kusikia, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 300 baada ya tukio, na jina alilowapa watu hao huelekeza Misri, si Ulaya. Kanisa la Ethiopia lilipokea askofu wake mkuu kutoka Aleksandria hadi karne ya 20, kwa hiyo kuwapo kwa fundi wa Kimisri mmoja mmoja katika kazi hiyo si jambo la kukataa. Umbali uliopo kati ya fundi mgeni aliyealikwa na kusema wenyeji hawakuweza ni mkubwa sana.

Ushahidi wenye nguvu kuliko hati zote umechongwa kwenye jiwe lenyewe. Mwonyeshe mwanafunzi wako picha ya kanisa la Bete Amanuel. Ukuta wake una mistari ya kulala, mmoja umejitokeza na unaofuata umeingia ndani, kuanzia chini hadi juu. Mstari kama huo hauna kazi yoyote kwenye mwamba. Ni sura ya nyumba za kale za Aksum, zilizojengwa kwa tabaka za mawe zilizofungwa kwa maboriti ya mbao. Kwenye pembe za madirisha ya Bete Giyorgis kuna vibonge vya mraba vilivyochomoza, navyo ni sura ya ncha za maboriti ambazo katika nyumba halisi zilitokeza nje ya ukuta. Wanaosoma majengo ya Ethiopia huziita "vichwa vya nyani". Vichwa hivyohivyo vimechongwa kwenye minara ya mawe ya Aksum ya karne ya 4, ule uliosimama na ule uliochukuliwa na Waitalia kwenda Roma mwaka 1937 na kurejeshwa mwaka 2005. Na si mbali na Lalibela, ndani ya pango, kuna kanisa la Yemrehanna Kristos, la zama hizohizo za watawala wa Zagwe, ukoo wa mfalme Lalibela, ambalo limejengwa kweli kwa tabaka za mbao na mawe, kama kielelezo kilichotunzwa ili tulinganishe.

Mtu huiga kwenye jiwe kile alichokulia akikiona kwenye mbao. Fundi wa Ufaransa angechonga kumbukumbu za Ufaransa. Aliyechonga Lalibela alikuwa na Aksum mikononi, na nyuma yake kulikuwa na makanisa mengine ya mwamba huko Tigray, mkoa wa kaskazini mwa Ethiopia. Hoja ya kwamba Waafrika hawakuweza unaifahamu, mwalimu, maana ndiyo iliyotumika kwenye magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu, ambako msafiri Mjerumani Karl Mauch aliyefika mwaka 1871 alihusisha kuta zile na Malkia wa Sheba, hadi uchimbaji wa mwaka 1905 ulipoonyesha kuwa ni kazi ya wenyeji. Magofu ya pwani yetu nayo yalisomwa hivyo kwa miaka mingi, kana kwamba Mswahili alikuwa mlinzi wa lango tu katika mji wa baba yake.

Huyo Lalibela mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mfalme wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na mji uliokuwa ukiitwa Roha ulikuja kuchukua jina lake. Zipo meza za altare za mbao zenye maandishi ya Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, yanayomtaja, kwa hiyo hatuna shaka kwamba aliishi na kwamba alihusika na makanisa. Hata hivyo haielekei kwamba yote 11 yalianzishwa na kukamilishwa katika utawala wake peke yake. Wachunguzi wengi wanaona vipindi kadhaa vya kazi, ingawa hawakubaliani urefu wake. Bete Merkorios na Bete Gabriel-Rufael, kwa mfano, hazikuelekezwa wala kupangwa kama makanisa, na huenda zilikuwa ngome au makao ya watawala kabla ya kuwekwa wakfu. Ndani ya mojawapo zilipatikana pingu za miguu za chuma. Kuna milango inayoning'inia juu ya ukuta bila ngazi, kwa sababu ua ulio mbele yake ulichimbwa zaidi baadaye. Ukimwambia mwanafunzi kwamba Lalibela ndiye aliyeupa mji huo sura na maana, bila kudai kwamba kila pigo la tindo lilikuwa la siku zake, utakuwa umesema kweli.

Nilikuahidi malaika, na sasa wamefika zamu yao. Simulizi ya mfalme imo katika kitabu cha maisha yake kiitwacho Gadla Lalibela, kilichoandikwa katika karne ya 15. Inasemwa kwamba alipozaliwa kundi la nyuki lilimzunguka bila kumdhuru, na mama yake akasema nyuki wametambua ufalme wake. Ndiyo tafsiri ya jina lake. Ndugu zake wakamwonea wivu, akanyweshwa sumu, naye kwa siku tatu alizolala kama maiti alichukuliwa mbinguni na kuonyeshwa makanisa aliyotakiwa kuyatoa mwambani. Aliporudi alikusanya mafundi na zana. Wanadamu walifanya kazi mchana, malaika wakafanya kazi nao, na usiku wanadamu walipolala malaika waliendelea, hata asubuhi kazi ikakutwa imeongezeka maradufu.

Isome tena sehemu hiyo, mwalimu. Hadithi yenyewe haijawahi kusema kwamba hakukuwa na mafundi. Inao mafundi, ina zana, ina mchana wa jasho. Walioandika walijua kabisa kwamba mikono ya watu ilichonga, na walichotaka kueleza ni hisia ya kazi iliyokwenda mbele kuliko nguvu zilizowekwa. Simulizi ya usiku mmoja ni nyingine, ya kanisa dogo la Bete Abba Libanos, ambalo inasemekana malkia Meskel Kibra alilijenga kwa heshima ya mumewe akisaidiwa na malaika. Video ya wanafunzi wako imezichanganya hizo mbili kama anayechanganya mahubiri ya Jumapili mbili. Kwa hiyo mzee anayeamini malaika na mtoto anayehesabu tipa wanaweza kukaa benchi moja, kwa kuwa hata kitabu cha malaika kinamtambua fundi.

Kuhusu Bete Giyorgis kuna kisa ninachokipenda zaidi, labda kwa sababu kina ulalamishi wa kibinadamu. Mfalme alipomaliza makanisa mengine, Mtakatifu George alimtokea akiwa juu ya farasi, amevaa mavazi ya vita, akauliza kwa nini yeye peke yake hakupewa nyumba. Mfalme akamwahidi iliyo nzuri kuliko zote, na mtakatifu akaja mwenyewe kukagua kazi. Makasisi hukuonyesha mashimo kwenye ukuta wa mtaro na kusema ni alama za kwato za farasi wake. Usibishane nao, sogea uyaone, kisha inua macho kwenye paa lenye misalaba mitatu iliyochongwa mmoja ndani ya mwingine, na madirisha: ya chini, 9, ni ya bandia, hayana tundu, na ya juu, 12, yana vilele vilivyopindwa kama mwali wa mshumaa, na vina maua. Katika vishimo vya ukuta wa mtaro huohuo imelala mifupa ya mahujaji waliotaka kuzikwa hapo. Watoto huiogopa, ila wazee wako wataelewa.

Kwa upande wa sanaa, hata hivyo, anayefika Bete Giyorgis pekee akaondoka hajaona Lalibela. Bete Medhane Alem, Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, ina urefu wa zaidi ya mita 33 na safu za nguzo pande zote. Humo ndimo msalaba uitwao Afro Ayigeba, wenye uzito wa kilo 7 hivi, ulimoibwa mwaka 1997, ukarudishwa mwaka 2001 baada ya kupatikana kwa mkusanyaji wa vitu vya kale wa Ubelgiji. Bete Maryam ni ndogo zaidi lakini ndiyo yenye rangi: matao na dari vimepakwa michoro ya ndege, wanyama, fahali wawili wanaopigana, na juu ya baraza la magharibi wamechongwa wapanda farasi wawili wakimkabili joka. Katikati yake ipo nguzo iliyofungwa vitambaa, na husemwa kwamba imeandikwa yaliyopita na yajayo, kwa hiyo haifunuliwi. Bete Golgotha ina sanamu za watakatifu zenye ukubwa wa mtu, zilizochongwa kwenye ukuta, jambo ambalo ni nadra sana katika sanaa ya Ethiopia. Mwambie mapema kila mwanakwaya wa kike kwamba wanawake hawaruhusiwi kuingia humo, ili asije akayasikia mlangoni.

Habari ya Yerusalemu mpya inahitaji marekebisho kidogo, hasa kwako wewe unayefundisha darasa lenye Wakristo na Waislamu. Ni kweli sultani Salahuddin aliuteka Yerusalemu mwaka 1187, katika miaka ya mfalme Lalibela. Ni kweli pia kwamba mji wa Lalibela una Golgotha, una Bethlehemu, na una kijito kiitwacho Yordani. Lakini njia ya mahujaji haikufungwa moja kwa moja: mwaka 1192 Salahuddin alipatana na mfalme Richard wa Uingereza kwamba Wakristo wasio na silaha waruhusiwe kuzuru. Kuujenga Yerusalemu nyumbani hakukuhitaji mlango kufungwa. Kulitosha umbali, na shauku ya watu wanaoimba zaburi za Sayuni kila siku. Haitakuwa sahihi kuwafundisha watoto kwamba makanisa haya yalizaliwa na ugomvi wa dini.

Sasa hija yenyewe. Krismasi ya Kiethiopia, Genna, huangukia tarehe 7 Januari, baada ya mfungo wa siku 43, na Lalibela hufurika makumi ya maelfu ya watu waliojitanda shuka nyeupe, wengi wakiwa wamekuja kwa miguu. Asubuhi makasisi husimama juu ya ukingo wa mwamba, wengine chini, uani pa Bete Maryam, wakiitikiana kwa wimbo, ngoma na njuga. Kwa mwanakwaya sioni shule bora zaidi. Tena kuna jambo moja litakalowafurahisha: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Ukiambiwa ibada ni saa mbili usiku, ni saa mbili yako ya nyumbani, wakati watalii wengine wakihangaika kujumlisha na kutoa.

Matatizo nayo yaseme wazi kikaoni. Ngazi na mitaro ni ya kuteleza na hewa ni nyepesi, hivyo mwenye moyo, pumu au magoti mabovu amwone daktari kabla ya kulipa nauli. Viatu huvuliwa milangoni, na mazulia ya makanisani yana viroboto. Vaeni soksi ndefu na msione aibu kuzipulizia dawa. Pia, Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, liitwalo Tewahedo, halina ushirika wa Ekaristi na Kanisa Katoliki, kwa hiyo paroko wenu awaeleze mapema mipaka ya kushiriki, ili mzee asisimame kwenye foleni ya komunyo akarudishwa.

La usalama ndilo zito kuliko yote. Mji huo ulitekwa na wapiganaji wa Tigray mwaka 2021 kabla ya kurudishwa mwishoni mwa mwaka huo, na tangu 2023 mkoa wa Amhara, ulimo Lalibela, umekuwa na mapigano kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano. Hali hubadilika kwa wiki, nami siwezi kukupa ruhusa kutoka mezani kwangu. Hapo unahitaji mtu wa ana kwa ana: nenda ubalozi wa Ethiopia, uliza Wizara ya Mambo ya Nje, na tafuta mwongoza wageni mwenye kibali anayeishi Lalibela, umpigie simu mara kadhaa kabla ya kukata tiketi. Majibu yao yakigongana, subirini. Makanisa hayo yamengoja miaka 800, na akiba ya kwaya inaweza kungoja mwaka mwingine ikiwa benki. Wakala yeyote anayewahimiza mlipe yote leo kwa sababu nafasi zinaisha, mkimbieni.

Mwisho, kwa ajili ya yule mwanafunzi. Jumatatu nenda darasani na vipande vya sabuni ya mche, kimoja kwa kila kikundi, na visu butu vya mezani. Waambie wachonge Bete Giyorgis ndani ya sabuni, kuanzia juu, bila kuligeuza bonge na bila kubandika kilichovunjika. Makombo yote wayaweke kwenye kikombe. Watakapofikia mlango, nusu ya vikundi watakuwa wameshavunja mkono mmoja wa msalaba, na vikombe vitakuwa vimefurika kuliko shimo walilochimba, kwa sababu kilichovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko kilichoshikamana. Hapo mpe yule mwanafunzi chaki, aandike ubaoni atakachokifanyia kikombe chake.